Winchi Haichaguliwi kwa Macho

Masika iliyopita, gari la mradi mmoja lilikwama kwenye njia ya ndani hapa Kongowe, kilomita chache tu kutoka lami ya Barabara ya Morogoro. Lilikuwa Land Cruiser la kutisha, na mbele lilifungwa winchi mpya inayong'aa. Kiti cha nyuma alilala jirani yetu mjamzito, tuliyemwombea lifti ya kwenda hospitali.

"Msijali," dereva alituambia, "tuna winchi."

Alifunga waya kwenye mkorosho wa mzee mmoja, akabonyeza kitufe. Winchi ilinguruma, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Waya ulikuwa umeshakata gome la mkorosho. Jirani yetu tulimbeba kwa kitanda cha kamba hadi lami. Alijifungua salama, na kila anayesimulia kisa hiki huishia hapo, akimshukuru Mungu. Namshukuru na mimi, lakini siishii hapo.

Kibati cha winchi ile kiliandikwa tani mbili na nusu. Gari lile tupu linapita tani mbili. Likibeba watu, mafuta na vifaa, linakaribia tatu. Kanuni inayojulikana ni kuchukua uzito wa gari likiwa limepakia, ukazidisha mara moja na nusu. Gari la tani 3 linataka winchi ya tani 4.5 au zaidi, kwa sababu tope nalo linavuta. Tena namba ya kibatini ni ya waya ukibaki mzunguko wa kwanza kwenye ngoma. Kila mzunguko unaopanda juu ya mwingine hupunguza nguvu. Dereva wetu alikunjua mita chache tu.

Najua nitakachoambiwa: winchi kubwa ni ghali. Sawa. Basi nunueni kapi. Waya ukipita kwenye kapi lililofungwa mtini na kurudi garini, nguvu inakaribia mara mbili, ingawa mwendo unapungua nusu. Ongezeni mkanda mpana wa kuzungushia mti, ili msile korosho za mwenzenu za miaka ijayo. Angalieni na betri, maana winchi ya umeme ikilemewa hunyonya mamia ya ampia. Na kati ya waya wa chuma na kamba ya sintetiki, mimi nachagua kamba. Jua na mchanga huila, ni kweli, inabidi ioshwe na kukaguliwa. Lakini waya ukikatika huchapa kama mjeledi, na huku kwetu gari likikwama watoto wote hujazana kutazama.

Wengine watasema dawa ni barabara, si winchi. Nakubali. Ila barabara haijengwi usiku ambao uchungu umeanza.

Nasoma shahada ya uzamili, na muhula mzima tumefundishwa tathmini ya mahitaji. Najiuliza ni nani aliyefanya tathmini ya winchi ile. Dereva alikiri kwamba hakuulizwa. Alikabidhiwa gari likiwa limeshafungwa kila kitu. Pale Vigwaza, kwenye barabara hiihii, malori hupimwa uzito usiku na mchana. Gari linalobeba wagonjwa wetu halikupimwa hata mara moja kabla ya kununuliwa kifaa cha kulinasua.

Wasomi wenzangu, kesho ni sisi tutakaosaini karatasi hizo. Kabla hujasaini, pakia gari kama litakavyopakiwa, lipime, kisha muulize dereva hukwama wapi na kama kuna miti ya kufungia. Kazi hiyo haimalizi siku nzima. Ukiikwepa, watakaovuta ni watu wa Kongowe, kwa mikono yao, kama tulivyovuta sisi.