Majibu ya Hospitali Si Hukumu

Mama mwenye umri wa miaka 58, mkazi wa Buyenzi mjini Bujumbura, arudi kutoka hospitali na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa. Ameambiwa neno moja tu: kipimo cha shingo ya kizazi si cha kawaida. Nyumbani yuko mumewe, askari mstaafu, mmoja wa wale waliopelekwa Somalia kulinda amani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007. Mama huyo huogopa mambo mawili: kansa, na swali la mumewe.

Yafaa ieleweke kwamba majibu ya namna hiyo si hukumu ya kansa. Huonyesha kwamba chembe zimebadilika sura, au kwamba kirusi cha papiloma kimeonekana. Chembe zilizobadilika, zisipotibiwa, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka kansa. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa, huenda zikachukua 5 hadi 10 tu.

Mwanamke aliyekoma hedhi ana jambo la ziada. Homoni ya estrojeni hupungua, utando wa ndani hukauka na kuwa mwembamba, na chembe zake huweza kumdanganya mpimaji. Hapo daktari huweza kumpa dawa ya estrojeni ya kutia ukeni kwa majuma machache, kisha kipimo hurudiwa. Lakini mabadiliko yakiwa makubwa, hayafai kungojewa: sharti shingo ya kizazi itazamwe kwa darubini, na kinyama kidogo kikatwe kipimwe.

Tena, umri ukisonga, sehemu unapoanzia ugonjwa hujificha ndani ya mfereji wa kizazi. Ndiyo maana kipimo cha siki, kiwafaacho wanawake vijana, hakitegemewi kwa mama wa umri huu. Kipimo cha kirusi humfaa zaidi.

Na swali la mume? Kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana, lakini huweza kulala mwilini miaka mingi bila dalili yoyote, kikaonekana uzeeni. Hakuna daktari awezaye kusema kiliingia lini, wala kililetwa na nani. Karatasi hiyo basi si ushahidi wa uzinzi, wa mke wala wa mume, na wala safari ya Somalia isitafutiwe lawama ndani yake.

Mama na arudi kwa daktari, ikiwezekana pamoja na mumewe, akaulize maswali matatu: kipimo gani kilifanywa? Mabadiliko ni madogo au makubwa? Arudi lini? Tena akumbuke kwamba damu ikitoka baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, haifai kungoja tarehe hiyo, hata kama kipimo cha mwisho kilikuwa safi. Karatasi iliyofichwa chini ya godoro haimponyi mtu.