Bei Iandikwe Hadharani

Shaaban inakaribia, harusi zinafuatana, na simu za mabiharusi hazipumziki.

Zamani aliyetaka nguo za begi la harusi alikwenda Darajani na mama yake au shangazi. Akashika kitambaa, akauliza bei duka hili na lile, mwisho akarudi lile la kwanza. Siku hizi duka ndilo linalomfuata mtu kitandani. Unatazama video ya mpambaji mmoja mpaka mwisho, kesho yake ukurasa wako mzima ni mapambo. Instagram ilianza 2016 kuacha kupanga picha kwa zamu ya muda, ikawa inatanguliza ile inayodhani utaitazama. TikTok inakuletea hata watu usiowafuata. Kama rangi inachuja au kitambaa kinaonyesha mwili, programu haijui wala haiulizi.

Hilo peke yake tungelivumilia. Dada zetu wengi wanauza wakiwa nyumbani na watoto wao, bila kulipa kodi ya fremu, na alhamdulillah riziki inaingia. Ugomvi wetu ni maneno mawili: "njoo inboksi".

Abaya imepigwa picha kila pembe, bei haipo. Watu wanauliza, wote wanaambiwa waje inboksi. Eti washindani wataona! Kwani wa Darajani hawana washindani? Wamekaa mlango kwa mlango. Huko inboksi mtu anapimwa kwanza: namba yake ni ya Oman au Uingereza? Harusi ni wiki ijayo? Basi huyo keshapatikana. Kupatana bei ni halali, na tunakupenda, lakini dukani unamsikia mwenzako kaambiwa ngapi. Na kuna ujanja mwingine ndani yake: kila "bei gani, dada?" tunayoiandika inahesabiwa kuwa maoni, na maoni ni moja ya vitu vinavyoisukuma picha kwa watu wengine. Yaani tunamtangazia bure mtu anayetuficha.

Tukija kwenye "lipia kwanza, mzigo uko njiani", hapo ndipo moyo unapouma, kwa sababu dini yetu haikuliacha jambo hili hivi hivi. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwazuia, aliwataka kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam, na madhehebu yetu ya Shafii yameisimamia kwa masharti hayo: pesa itolewe palepale, sifa za kitu zielezwe, siku itajwe. Sasa muulize muuzaji wa mzigo wa China: kitambaa gani? Urefu inchi ngapi? Kitafika lini? "Meli ikifika, mpenzi." Bi harusi keshatoa pesa za mahari yake, siku ya hina inafika, anaazima gauni la dada yake.

Na yanayokuja ni mazito zaidi. Akili mnemba leo inachora abaya ambayo haijashonwa, imevaliwa na mwanamke ambaye hajazaliwa. Akili hiyo hiyo watu wameanza kuiagiza iwatafutie nguo: gauni la kijani, mikono mirefu, chini ya laki mbili. Itapata wapi bei iliyofichwa inboksi? Itawapeleka kwa walioandika, hata wakiwa Dubai au Guangzhou, na dada zetu wa Mlandege watabaki kulalamika kuwa wateja wamehama.

Basi dada zetu wauzaji, kabla ya Shaaban, wekeni bei, urefu, aina ya kitambaa, siku ya kufika, na picha moja mliyoipiga wenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Na sisi wanunuzi, pasipo na bei tusiulize. Tupite.