Msumeno Ukatao Upande Mmoja

Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Humzuia raia asivunje amri, na humzuia mwenye mamlaka asivuke mpaka. Lakini kwa mtu asiyeijua, msumeno huo hukata upande mmoja tu: humkata yeye, wala haumgusi aushikaye mpini.

Kifungu cha 7 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya husema kwamba kutojua sheria si udhuru. Sina ugomvi na neno hilo, maana kama ujinga ungekuwa ngao, kila mhalifu angejitia ujinga. Ugomvi wangu ni huu: serikali itudaiyo tujue imetufundisha wapi? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kijana atoka shuleni akiijua mito ya nchi za mbali, na kesho yake apanda pikipiki kuchukua abiria, asijue la kufanya siku akamatwapo. Je, hiyo ni elimu au ni pambo?

Tazameni barabarani. Madereva wengi wajua kwamba mwendo wa mjini haupiti kilomita 50 kwa saa, na kwamba matatu, tangu kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na Waziri John Michuki, haipaswi kupita 80. Wajua makatazo, hawajui taratibu. Hudhani kwamba askari aliyewasimamisha ndiye hakimu. Askari aweza kusimamisha gari, kulikagua na kushitaki; hawezi kumtia mtu hatiani. Dereva asiyejua hayo hutetemeka, hutia mkono mfukoni, na hongo huzaliwa. Hongo ni mtoto wa wazazi wawili: tamaa ya mmoja na woga wa mwingine.

Lau angelijua! Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 chaamuru kwamba aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha aifahamuyo. Kwamba ana haki ya kunyamaza. Kwamba afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au, zikiisha mahakama imefungwa, siku ya mahakama ifuatayo. Na kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita.

Kortini nako, wengi hujibu "Ni kweli" ili mambo yaishe upesi, wasijue wamekiri nini. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu: mshitakiwa aelezwe mashitaka kwa lugha aijuayo, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kisha asomewe mambo yalivyotukia, naye akiyapinga, kukiri kwake kufutwe. Ngao ipo, lakini ngao iliyofungiwa sandukuni haizuii mshale.

Wako wasemao kwamba sheria ni kazi ya mawakili, na kwamba kijana akifundishwa atakuwa mjeuri. Hoja hiyo ni dhaifu. Twafundisha usafi wa mwili wala hatuwageuzi wanafunzi wote kuwa madaktari. Tena ajuaye haki zake hujua na wajibu wake: hawezi kudai saa zake 24 huku akikataa kuvaa helmeti. Askari mwaminifu hana sababu ya kumwogopa raia wa namna hiyo. Amwogopaye ni yule mwenye kuishi kwa ujinga wetu.

Basi, enyi vijana, daini somo hili shuleni, na lifundishwe kwa Kiswahili, ambacho Katiba yenyewe imekitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Milango ya mahakama i wazi. Ingieni, kaeni kimya, msikilize kesi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Msumeno wa sheria utakata pande zote mbili siku mikono mingi itakapoujua.