KUTOIJUA LUGHA YA WATU SI UCHAMUNGU



Himdi zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, kijana mmoja wa Tabora mjini ameniandikia. Anauza spea za pikipiki, na mzigo anaununua kwa watu wanaokwenda Guangzhou. Anataka kujifunza Kichina ili siku moja aende mwenyewe. Ami yake aliyemlea amemkatalia: hiyo ni lugha ya watu wasiomjua Mungu, itamtoa kwenye dini, lugha ya Muislamu ni Kiarabu basi. Kijana anauliza: nikijifunza, nitakuwa nimemuasi Mola wangu?

Nalijibu hadharani, kwa sababu maneno ya ami huyu nayasikia misikiti mingi, kuanzia Ujiji mpaka Bagamoyo.

Mwanangu, kwanza mheshimu ami yako. Usimjibu kwa ukali. Lakini katika hili amekosea.

Zayd bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa kijana wa Madina. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zinazotoka na zinazoingia zisitegemee mkono wa mtu mwingine. Zayd alijifunza kwa nusu mwezi. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Na Zayd huyu huyu ndiye baadaye aliyekabidhiwa na Abubakar kazi ya kukusanya Qur'ani. Je, ile lugha ilimtoa kwenye dini?

Fungueni pia Surat Ar-Rum. Inaanza na habari ya dola kubwa: Warumi wameshindwa, na baada ya miaka michache watashinda. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 22, Allah anataja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara zake. Dola hupanda na kushuka kwa amri ya Allah, na lugha za watu ni ishara zake. Basi ni nani aliyekupa ruhusa ya kuichukia ishara ya Mola wako?

Hapa niwaonye na wale wa upande wangu. Ule usemi kwamba ajuaye lugha ya watu amesalimika na vitimbi vyao si hadithi ya Mtume. Na ile ya kutafuta elimu hata China, wanazuoni wa hadithi wameikataa. Hatuna haja ya kumzulia Mtume ili kutetea jambo jema. Zayd anatosha.

Sasa njoo kwenye ardhi yako mwenyewe, mwanangu. Hapo unapouza spea palikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kabla misafara ya pwani haijafika kwao. Walijifunza Kiswahili njiani, wakarudi nacho nyumbani. Speke alipofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857 pamoja na Burton, hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alimtegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto na kupelekwa India, ambako alijifunza Kihindustani. Mzungu mwenye bunduki na ramani alisubiri aelezwe na Mubarak.

Tusidanganyane, ndugu zangu. Njia hiyo hiyo ilipitisha binadamu wenye minyororo shingoni, na waliowasukuma walijua lugha, na wengi wao walijua kuswali. Lugha ni panga. Linalima na linaua. Ndiyo maana nasema jifunze pamoja na dini yako, wala sisemi jifunze badala ya dini yako.

Na asiyejifunza humpata nini? Mkumbukeni Mangungu wa Msovero, Usagara, nchi iliyopitiwa na njia ile ile ya misafara. Novemba 1884 Carl Peters alimwekea mbele karatasi. Mangungu aliambiwa ni urafiki. Karatasi ilisema anaitoa nchi yake yote. Na ndani yake imeandikwa kwamba mkalimani Ramazani alimweleza kila kitu kwa uwazi. Ramazani! Jina la mwezi wetu mtukufu. Miezi michache baadaye, Februari 1885, Kaisari wa Ujerumani aliitia nguvu kazi ya Peters kwa hati ya kifalme. Nchi ilikwenda kwa sababu mwenye nchi aliazima mdomo na macho ya mtu mwingine.

Baada ya hapo tazama Tabora yenyewe. Mwaka 1890 ilipandishwa bendera ya Ujerumani. Januari 1893 Mtemi Isike, alipozidiwa na Wajerumani ndani ya ngome yake, alijilipua kwa baruti. Septemba 1916 wakaingia Wabelgiji, kisha Waingereza. Mtu aliyezaliwa Unyanyembe mwaka 1880 aliamrishwa kwa lugha tatu za Ulaya kabla hajafika miaka arobaini na tano. Kila mmoja wao alidhani lugha yake itadumu.

Reli ya Mjerumani ilifika Tabora mwaka 1912. Leo inajengwa nyingine, ya kisasa. Kipande cha Makutupora hadi Tabora walipewa Waturuki. Cha Tabora hadi Kigoma, mkataba ulisainiwa na kampuni za Kichina Desemba 2022. China imekuwa mshirika mkubwa kuliko nchi yoyote katika biashara ya Afrika tangu 2009. Taasisi za Confucius zimekuwa zikifundisha Kichina Dodoma na Dar es Salaam tangu 2013. Msafara unapita tena mlangoni kwako. Utakuwa mpagazi, au utajua kilichomo ndani ya mzigo?

Namuuliza ami, kwa heshima: geuza mswala wako usome kibandiko. Tazama tasbihi, kanzu, hata saa ya ukutani inayokuonesha nyakati za swala. Vingi vya hivyo vimetoka wapi? Umeikubali bidhaa, umeikataa lugha. Hapo mwenye faida ni dalali peke yake. Na hicho Kiarabu tunachokitetea, wangapi kati yetu tunaelewa khutba bila kufasiriwa? Tungekijua Kiarabu kweli, hoja yetu ingekuwa na uzito. Lakini hatukijui hicho, na tunawazuia watoto na kile kingine.

Na wewe kijana usije ukapotoka kwa upande wa pili. Usijifunze Kichina ukakidharau Kinyamwezi cha bibi yako. Usione anayesema Kiingereza ndiye mwenye akili, maana kesho meza itageuka tena. Tajiri wa leo si Mola wako. Unajifunza ili usome mkataba wako mwenyewe na usidhulumiwe, wala usiwe Ramazani wa mwenzako.

Maimamu na wenye maduka wa Tabora, nawaomba jambo dogo. Madrasa zetu zinakaa tupu baada ya Isha. Tafuteni mwalimu, mlipeni vizuri, wekeni saa moja ya Kiarabu cha kuelewa na saa moja ya Kichina au Kituruki. Mabinti nao waingie, maana nusu ya biashara zetu wanaibeba wao.

Mwanangu, nenda ukajifunze. Ukirudi darasani jioni, pitia kwa ami yako, msalimie, na siku moja msomee kile kibandiko cha mswala wake.

Ewe Allah, tufunze yenye manufaa, na utulinde na ujinga tunaouvisha kanzu ya dini. Aamin.

Wallahu a'lam.