Silinda ya Chini Si Mtumwa

Wapenzi wa lugha na washairi wenzangu, mada ya leo imetoka gereji, nayo inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu mafundi. Nimekutana na maelezo ya ufundi wa magari yaliyofasiriwa kwa Kiswahili, yenye maneno haya: "silinda ya bwana" na "silinda ya mtumwa". Naandika kuyapinga, na naandika nikiwa Ujiji, mahali ambapo neno la pili lina uzito wake.

Kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Chukua mfano wa Datsun 240Z, gari la kasi lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973, likipita katika barabara za Afrika Mashariki. Klachi yake husukumwa kwa mafuta. Dereva akikanyaga pedeli, fito fupi husukuma pistoni ndani ya silinda iliyo juu, karibu na miguu yake. Mafuta hukimbia katika paipu hadi silinda iliyo chini, ubavuni mwa giaboksi. Pistoni ya huko nayo husukuma mkono wa klachi, na injini huachana na gia.

Gari la umri huo huanza kusumbua kwenye mipira iliyo ndani ya silinda hizo. Pedeli huzama, gia ya kwanza na ya nyuma hukwaruza na kugoma kuingia injini ikiwa inawaka. Fundi makini hakimbilii kushusha giaboksi. Hutazama kwanza kikopo cha mafuta. Kikiwa kimepungua, hupapasa fito ya pedeli na zulia lililo chini yake. Pakilowa, silinda ya juu inavuja. Kisha huinama chini ya gari na kufunua kifuniko cha mpira cha silinda ya chini. Mafuta yakichuruzika, ugonjwa uko huko. Pasipo na uvujaji popote, na pedeli bado inazama polepole chini ya mguu, mipira ya silinda ya juu imechoka na mafuta yanarudi nyuma kimyakimya. Pedeli ikiwa laini kama sifongo, kuna upepo ndani, nao hutolewa kwa kulegeza bolti ndogo ya silinda ya chini huku mwenzake akikanyaga pedeli na kuishikilia. Na fundi mzoefu akibadilisha moja hushauri kubadilisha zote mbili, kwa kuwa mipira mipya ya juu huleta nguvu ambayo mipira mizee ya chini haiwezi kuizuia.

Msomaji ataona kwamba katika maelezo yote hayo sikumhitaji bwana wala mtumwa. Mafundi ninaowasikia huku husema "ya juu" na "ya chini", na maneno hayo mawili yanatosha kumwambia kijana anayejifunza kazi aelekeze wapi tochi yake. Jina zuri la chombo humsaidia mtu kutafuta kosa. "Mtumwa" halimsaidii. Tena linampotosha, kwani humfanya adhani kuwa silinda moja ina amri na nyingine haina neno, hali kila moja yaweza kuiangusha klachi nzima.

Nitajibiwa kwamba mtumwa ni yule aliyetumwa tu. Mzizi ni "tuma", uliozaa pia mtume, mtumishi na utume. Basi silinda inayotumiwa mafuta na iitwe mtumwa, kuna ubaya gani? Hoja hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Lakini neno haliishi kwa mzizi wake peke yake. Huishi pia kwa yale yaliyotendwa kwa jina lake. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, njia ya pembe za ndovu na ya watu. Wengi walivushwa ziwa kutoka upande wa Kongo wakiwa mateka. Wengine walipelekwa pwani, wengine walibaki hapa, wakazaa, wakajenga mji. Katika Tanganyika sheria iliyofuta utumwa ilitungwa mwaka 1922, jana tu kwa hesabu ya vizazi. Katika mji wa namna hii, neno "mtumwa" halitamkwi ovyo barazani. Kwa nini litamkwe ovyo katika kitabu cha chuo cha ufundi?

Wengine watasema huku ni kufuata mtindo wa wageni. Ni kweli kwamba mwaka 2003 serikali ya wilaya ya Los Angeles huko Marekani iliwaomba wauzaji wa vifaa vyake waepuke majina hayo mawili, na kwamba watengenezaji wa programu za kompyuta nao wameanza kuyaacha. Lakini mafundi wetu hawakusubiri waraka wa mtu. Walitaja walichokiona: kimoja kiko juu, kimoja kiko chini. Mwenye kuiga hapa ni mfasiri, aliyebeba mzigo ambao wenyewe wanautua.

Naikubali hoja moja tu: "juu" na "chini" ni maneno ya mahali, na kitabu huhitaji jina la kazi. Hapo ndipo washairi wana deni. Sisi tunajua wimbo una mwenye kuita na wenye kuitika, na kwamba kiitikio kikikosekana wimbo umevunjika, ingawa hakuna anayemwita mwitikiaji mtumwa. Napendekeza "silinda ya kuita" na "silinda ya kuitika". Pedeli inaita, giaboksi inaitika. Fundi kazi yake ni kujua sauti imekatikia wapi. Aliye na jina bora zaidi alilete, tulipime, kisha tulifikishe BAKITA kabla tafsiri za haraka hazijaota mizizi.

Hadi hapo, naliacha beti hili mlangoni mwa gereji:

Pedeli ikenda chini, gia nazo zikagoma,
Fundi tazama bombani, juu na chini kupima,
Wala usiseme ndani, mtumwa yumo wa chuma,
Jina hilo la zamani, Ujiji linatuuma.