Ulizeni Kazi ya Simu Kabla ya Bei Yake

Kila mwaka, bonasi ya majani chai inapowafikia wakulima wa Chinga, Iriaini na Ragati, wauza simu wa Othaya, Karatina na Nyeri mjini huwa wamekwisha kujipanga. Vipaza sauti hutolewa nje ya maduka, vijana wenye fulana za kampuni husimama kando ya barabara, na mzee aliyeshuka mjini kutafuta mbolea na sare ya mjukuu hurudi kijijini na simu yenye kamera tatu ambazo hatazifungua kamwe. Wauzaji siwalaumu, wako kazini. Maneno yangu leo ni kwetu sisi wanunuzi, maana fedha ni zetu na jasho ni letu.

Hakuna mtu wa Mathira anayenunua ng'ombe wa maziwa kwa kutazama rangi. Atauliza amezaa mara ngapi, atakishika kiwele, atataka akamuliwe mbele ya macho yake. Mtu huyohuyo akiingia dukani hulipa shilingi elfu kumi na tano kwa sababu simu ni nyembamba na inang'aa. Kwa nini busara yetu ya sokoni ituishie mlangoni mwa duka la simu? Mimi nashikilia jambo moja: simu ichaguliwe kwa kazi itakayoifanya, na kazi hiyo aitaje yule atakayeitumia, si mwanawe aliyeko Nairobi, wala muuzaji.

Tuanze na ukweli ambao maduka hayautangazi. Kazi nyingi za mwananchi wa huku hazihitaji simu janja. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, ikapanda milima hii ndani ya kabambe, zile simu ndogo za vitufe, na hadi leo ukibonyeza *334# utatuma na kupokea fedha bila intaneti. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku humfikia mkulima aliyesajiliwa kwa SMS ya kawaida. Huduma ya iCow, aliyoianzisha Su Kahumbu mwaka 2011 ili mfugaji afuatilie kalenda ya uzazi ya ng'ombe wake, ilijengwa juu ya kabambe kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo simu mfugaji aliyokuwa nayo mfukoni. Basi mkulima ambaye haja zake ni hizo, akibaki na kabambe yake yenye tochi na betri ya siku kadhaa, hajabaki nyuma ya mtu, na asichekwe.

Lakini hoja hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio cha kuwanyima wazee. Bibi wa Mukurweini ambaye watoto wake wako Doha na Boston ana haja kubwa ya simu janja kuliko kijana anayeitumia kutazama mpira. Anataka kumwona kitukuu akijifunza kutembea. Kama kusoma kunampa taabu, ujumbe wa sauti kwa Kikuyu unamfaa kuliko barua yoyote. Haja yake ni skrini pana, herufi zinazokuzwa, spika yenye nguvu, na betri isiyomlazimu kwenda kuchaji kwa jirani. Nasi tunampelekea nini? Tunampelekea ile tuliyoichoka: kioo kimepasuka, betri haifiki adhuhuri, mfumo ni wa zamani. Mapema mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4 na zilizotangulia. Mzee aliyeachiwa simu ya namna hiyo huamka siku moja asisikie sauti ya mtu, akadhani wajukuu wamemsusa. Enyi watoto wenye vipato, hiyo si zawadi. Mzazi na aulizwe, aandamane nanyi hadi dukani, aishike simu mwenyewe, apige, asikie. Kisha mmoja wenu atenge alasiri nzima ya kumfundisha, bila kumnyang'anya simu mkononi kila anapokosea.

Sasa tuje kwenye tarakimu za kwenye kasha, maana hapo ndipo wengi hufumbwa macho. Siku hizi kasha huandikwa RAM ya GB 16 kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za kutafutwa, 8+8. Maana yake RAM halisi ni nane. Nane nyingine zimekopwa kutoka kwenye hifadhi ya picha na mafaili, ambayo ni ya polepole zaidi. Uliza RAM halisi ni ngapi, na usikubali kujibiwa kwa jumla. Kwa M-Pesa, WhatsApp na habari, nne halisi zinatosha. Hifadhi ya GB 32 iogopeni: mfumo wenyewe hula sehemu kubwa, na video za kikundi cha harusi humalizia iliyobaki. Wingi wa megapikseli nao si uzuri wa picha. Picha nzuri hutokana na lenzi, kihisi cha mwanga na programu inayoichakata. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na Itel, ilijipatia soko la Afrika kwa sehemu kwa kurekebisha kamera zake zizionyeshe vyema nyuso zenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo mpige picha mwenzako ndani kabisa ya duka, mbali na mwanga wa mlangoni, muitazame pamoja. Ama 5G, Safaricom iliifungua kibiashara Oktoba 2022, lakini mtu anayeishi bondeni, ambako hata 4G huja na kupotea, asiilipie kabla haijamfikia.

Liko swali ambalo madukani husikii likiulizwa, nami naliona kubwa kuliko hayo yote: simu hii itapata masasisho ya usalama kwa miaka mingapi? Akiba yako, siri za benki yako na picha za kitambulisho chako vimo humo. Kila mwaka hugunduliwa matundu ambayo wezi wanaweza kuyapitia, na masasisho ndiyo huyaziba. Samsung iliahidi miaka 6 ya masasisho ya usalama kwa Galaxy A16 iliyotoka mwaka 2024, na hiyo si simu ya matajiri. Kuna nyingine zisizoahidi lolote. Fanya hesabu. Simu ya elfu kumi na mbili inayokufa baada ya miaka miwili imekugharimu elfu sita kwa mwaka. Ya elfu ishirini inayodumu miaka mitano imekugharimu elfu nne. Masikini ndiye hasa anayepaswa kupiga hesabu hii, kwa kuwa ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Na kabla hujamwuliza muuzaji, mwulize fundi wa simu wa mjini kwako. Yeye ndiye anayejua ni aina gani hurudi mezani kwake kila wiki, na ni zipi ambazo vioo vyake hupatikana hapahapa bila kuagizwa Nairobi.

Mwendesha bodaboda anayeshinda kwenye manyunyu ya Julai atafute simu yenye alama ya IP67, yaani iliyopimwa kustahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na asidanganywe na neno la mdomo tu. Mwanafunzi wa Dedan Kimathi au wa Chuo Kikuu cha Karatina aweke fedha yake kwenye hifadhi na betri. Wapo pia wenzetu wa Naro Moru na Chogoria wanaowaongoza wageni hadi kilele cha Point Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Kwao simu ni usalama wa watu. Betri ya lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi kali, na iliyoonyesha asilimia arobaini kambini yaweza kuzimika ghafla kileleni. Waibebe ndani ya nguo, karibu na mwili. Wanunue yenye GPS nzuri, wapakue ramani kabla ya kuondoka, kwa maana GPS hupokea mawimbi ya setilaiti hata mahali ambapo mtandao wa simu haupo.

Nije kwenye mikopo, jambo linaloniuma. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, malipo ya mwanzo shilingi 1,000 na baadaye 20 kwa siku, na wengi walipata simu yao ya kwanza ya 4G kwa njia hiyo. Tangu hapo mipango ya aina hii imezagaa kila mji. Sikatazi mtu kukopa. Nasema azidishe kwanza: shilingi 50 kwa siku ni 18,250 kwa mwaka, na juu yake kuna malipo ya mwanzo. Linganisha jumla hiyo na bei ya taslimu ya simu ileile. Tena ukichelewa, simu hufungwa kwa mbali, na mwenye bodaboda aliyefungiwa simu amefungiwa wateja pamoja nayo. Kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilipozinduliwa Oktoba 2023, simu janja yake ya bei ya chini iliuzwa shilingi 7,499. Bei hiyo, familia inayoweka mia mbili kwa wiki huifikia ndani ya miezi tisa bila riba na bila kufungiwa.

Ukishachagua, usiondoke dukani upesi. Usiku wa 30 Septemba 2012 tume ya mawasiliano ya wakati ule iliamuru simu bandia zizimwe kote nchini, na zaidi ya milioni moja zikanyamaza, nyingi zikiwa mikononi mwa watu waliolipa kwa haki. Ili yasikupate hayo, bonyeza *#06#, uisome namba ya IMEI inayoitambulisha simu, uilinganishe na ya kwenye kasha. Tia laini yako, piga, pokea. Kama ni ya mtumba, mwenyewe aiondoe akaunti yake mbele yako, na akishindwa, mrudishie simu yake uende zako, maana huenda imeibwa. Dai risiti yenye jina la duka, tarehe, muda wa dhamana na namba hiyo ya IMEI, kisha uiweke nyumbani pamoja na hati zako nyingine, si ndani ya kava ya simu.