Kabla ya Serumu, Ulizeni Maji

Saa ya kutembelea wagonjwa, watu wa Lubumbashi wanaingia lupitalo na bukari iliyofungwa ndani ya kikwembe, bidoni ya maji mkononi, na maswali mawili: ametiwa serumu? Ni ya ngapi? Wakikuta chupa hiyo ya dripu inaning'inia juu ya kitanda, wanashusha pumzi, ndugu yao anatibiwa. Wakikuta vidonge tu, wananong'ona kwamba amedharauliwa kwa sababu ni maskini. Wengine wanamfuata munganga hadi koridoni: "Docta, bila serumu atapona namna gani?" Naye, akijua kwamba akikataa watamhamishia mgonjwa wao kwa mwingine atakayekubali, anaandika serumu.

Imani hii inatuua. Sitafuti neno laini zaidi ya hilo.

Ngozi ni ukuta wa mwili. Kateta, ule mrija mdogo unaoachwa ndani ya mshipa, ni tundu kwenye ukuta huo, na nyuma yake kuna damu. Vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi, na vile vinavyotoka chooni kwa mikono yetu, vinashika plastiki ile na kujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Mgonjwa aliyezimia, anayetapika kila anachomeza, au mwenye malaria kali inayodai artesunate ya mshipa, huyo atobolewe bila kuchelewa. Lakini malaria ya kawaida inatibiwa kwa vidonge. Hata kipindupindu, ambacho hapa jimboni Haut-Katanga tunakifahamu vizuri mno, wagonjwa wake wengi wanapona kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi. Serumu ni ya wale waliokauka kabisa. Kuitia kwa mtu anayeweza kunywa ni kumtoboa bure.

Nchi yetu ilipata somo hili mapema. Mwaka 1976, huko Yambuku, mwalimu wa shule ya misheni mwenye homa alichomwa sindano ya klorokini hospitalini, kwa kudhaniwa ni malaria. Hospitali ile ilikuwa inatoa sindano tano kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Baada ya mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa kwenye maji ya uvuguvugu, ikaenda kwa anayefuata. Watu walitembea kilomita nyingi kuifuata, wakiamini kwamba ndiyo dawa yenyewe. Kumbe ilikuwa Ebola; ikawashika watu 318, ikaua 280. Miongoni mwa walioambukizwa kwa sindano peke yake, hakupona hata mmoja. Hospitali ilipofungwa, mlipuko ukaanza kuzimika. Leo sindano zinatumika mara moja na kutupwa, tumshukuru Mungu, ila ile hamu iliyowavuta watu Yambuku iko palepale.

Mwaka jana dada yangu mdogo alijifungua kwa upasuaji hapa mjini. Siku ya nne alikuwa anakula bukari na sombe, anatembea, anacheka na mtoto wake. Kateta ilikuwa bado mkononi. Plasta yake ilikuwa imelowa na kuinuka pembeni, na ngozi iliyoizunguka ilikuwa nyekundu, ya moto, imevimba hadi karibu na kiwiko. Muuguzi aliyekuwa zamu alipita vitanda sita akiwa na glovu zilezile. Hakuwa mvivu. Robine ya chumba ilikuwa kavu, na pipa la maji lilikuwa mwisho wa korido. Mimi, kaka mtu, nilikuwa nimetoka famasia na chupa mbili za serumu ambazo hakuna aliyeziandika. Nilizinunua kwa sababu nampenda.

Tukishaambukizwa hivyo, tunakimbilia imani ya pili, mtoto wa ile ya kwanza: tiwa seftriaksoni, antibiotiki kali, itafagia yote. Haifagii. Inaua vijidudu dhaifu na kuviachia chumba vile sugu, ambavyo vitahamia kitanda cha jirani kwa mikono yetu. Mwaka 2019 bakteria sugu waliua watu wapatao milioni 1.27 duniani. Na Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 wanapata angalau ambukizo moja hospitalini humohumo. Katika nchi tajiri ni 7. Tofauti hiyo haitokani na wingi wa serumu.

Najua jibu linalokuja nikisema tunawe mikono: tunawe vipi na robine haitoi maji? Hilo ni swali la haki, na wa kuulizwa ni wanaopanga bajeti, siyo muuguzi wa zamu. Mji huu unalisha dunia shaba, metali ambayo yenyewe inaua bakteria wanaotua juu yake, kiasi kwamba mwaka 2008 Marekani iliiandikisha rasmi kwa kazi hiyo. Mji wa namna hiyo hauwezi kusema hauna uwezo wa kuweka maji wodini. Wakati tunayasubiri, kuna mchanganyiko wa kusafishia mikono ambao Shirika hilohilo limetoa kwa wote bila malipo: alkoholi, gliserini, maji ya oksijeni (eau oxygénée) kidogo, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Famasia ya hospitali inaweza kuutengeneza. Ukiwa kwenye chupa ndogo mfukoni mwa muuguzi, hahitaji kutembea hadi mwisho wa korido kati ya kitanda na kitanda. Glovu hazichukui nafasi ya mchanganyiko huo. Glovu isiyobadilishwa inamlinda aliyeivaa na kuwasambazia wengine vijidudu.

Siku ile nilimwuliza muuguzi, kwa heshima, "Mama, hii kateta bado ina kazi?" Alisoma karatasi ya dada yangu, akaigeuza upande wa pili, akanyamaza kidogo. Dawa ya mwisho ya mshipa ilikuwa ya juzi. Akaenda kunawa kule kwenye pipa, akarudi, akaitoa. Uvimbe ulichukua siku tatu kushuka. Zile chupa zangu mbili zilibaki chini ya kitanda, hazijafunguliwa.